Klachi ya MGB ya 1966 ilikataa kuachia: kabla hujanyanyua injini, tafuta rula

Mwalimu_Jinja

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wengine hamjambo. Niliahidi kwamba nikimaliza klachi nitaandika yote, na wengine mmekuwa mkinikumbusha kama wadai wa chama. Basi leo nalipa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Gari ni MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, la wazi, la 1966, injini ya 1798 cc, kabureta mbili za SU, pleti ya zamani inayoanza na U. Nililirithi kwa mjomba kule Bugembe. Lilikaa miaka 11 chini ya turubai, kuku wakitagia kwenye kiti cha abiria. Injini iliamka bila matata. Klachi ndiyo iliyonifundisha adabu.

Jumamosi moja natoka Kampala, niko kwenye foleni ya Mukono. Nimekanyaga klachi nikisubiri, nikahisi gari lenyewe linataka kutambaa. Mguu uko sakafuni, lakini gari linasogea. Foleni ilipofunguka gia ya kwanza ikakataa kabisa, inasaga tu. Nikazima injini, nikaingiza ya kwanza, nikapiga stata gia ikiwa ndani. Likaruka kama mbuzi aliyekatika kamba, likaondoka.

Kutoka hapo hadi nyumbani sikugusa klachi. Kupanda gia: achia mafuta, toa gia, hesabu moja, sukuma taratibu. Kushuka: toa gia, kanyaga mafuta kidogo, sukuma. Ukilazimisha, giaboksi itakutukana hadharani. Namawojjolo nilisali, maana pale malori husimama ghafla kwa ajili ya kuku choma. Mabira ilikuwa wazi, namshukuru Mungu. Darajani Njeru nilizima na kuwasha mara tatu, boda wakishangilia.

Jumatatu nikalipeleka gereji moja, jina silitaji. Fundi akakanyaga pedali mara mbili, akatikisa kichwa: "Mwalimu, klachi pleti imekwisha. Shusha injini."

Asiyelijua gari hili aelewe uzito wa neno hilo. Kwenye MGB huwezi kushusha giaboksi peke yake kwa chini kama tunavyozoea kwenye Corolla. Kufikia klachi pleti lazima injini itoke, ama peke yake ama pamoja na giaboksi. Hiyo ni wiki nzima, winchi, na boliti zenye umri kunizidi. Nikamwambia nitarudi. Sikurudi.

KobaTororo

Mwalimu, hapo kwa boda kushangilia nimecheka mpaka mke wangu amekuja kuangalia. Endelea.

FundiBusia

Mimi ningesema kama huyo fundi. Gari limekaa miaka 11, klachi pleti huwa inagandana na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) kwa kutu. Nimeyaona mengi hapa mpakani.

Mwalimu_Jinja

Kweli inatokea, Fundi. Lakini pleti iliyoganda haiachii kuanzia siku ya kwanza. Langu lilienda Kampala na kurudi mpaka Mukono likiwa zima, ndipo likaanza kufa mguu ukiwa juu ya pedali. Tena lilikufa polepole: ukikanyaga haraka gia inaingia, ukishikilia dakika moja gari linaanza kutambaa. Hiyo siyo pleti, ni presha inayovuja mahali.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, mnisamehe, hapa nitachora ubaoni kidogo. Kuna masta ya juu kwenye pedali na masta ya chini kwenye giaboksi, katikati bomba la chuma na hozi fupi ya mpira, ndani yake breki fluidi. Ya juu kwenye MGB ina kipenyo cha robo tatu ya inchi, yaani milimita 19. Ya chini ina inchi moja na robo, karibu milimita 31.8. Ukipiga hesabu ya eneo, ya chini ni kubwa mara 2.78. Kwa hiyo nguvu ya mguu inazidishwa, lakini mwendo unagawanywa: milimita 10 za juu zinakuwa 3.6 tu kule chini.

Masta ya juu inasukumwa kama milimita 35 pedali ikifika mwisho. Gawanya, unapata milimita 12 na ushee kwenye fimbo ya masta ya chini. Hapo ndipo klachi inaachia vizuri. Akiba hakuna. Kila kinachoibwa njiani, kiwe upepo, kiwe pini iliyolika, kinatoka kwenye hizo 12.

Nikalala chini ya gari na rula ya shule, mwanangu akakanyaga pedali. Milimita 5. Na akishikilia, fimbo inarudi yenyewe polepole.

BintiArua

Mwalimu hapo umenigusa. Gereji zetu nyingi hakuna anayepima. Watu wanabadilisha kitu kimoja kimoja mpaka pesa ya mteja iishe. Swali: ulijuaje ni ya juu au ya chini inayovuja?

Mwalimu_Jinja

Dada, zote mbili. Nilivua kapeti upande wa dereva, nikapitisha kidole nyuma ya pedali pale fimbo inapoingia ukutani. Kikatoka na unyevu, na rangi ya chuma pale chini ilikuwa imebabuka, maana breki fluidi inakula rangi. Hiyo ni ya juu. Ya chini nilifunua kile kiatu cha mpira, ikatiririka kama chai.

Lakini masta ya juu inaweza kuvuja ndani kwa ndani bila tone nje: raba ya mbele imechoka, fluidi inapita pembeni na kurudi kwenye kopo lake la akiba. Dalili yake ndiyo ile ya kutambaa mguu ukiwa chini huku kopo halipungui. Wengi wanadanganyika hapo.

Afande_Mstaafu

Mwalimu, nimefanya kazi karakana ya jeshi miaka mingi, Land Rover za zamani. Raba hizi ni jamaa moja. Vijana wa siku hizi wanaziosha kwa petroli. Sema na hilo.

Mwalimu_Jinja

Afande, jambo lenyewe ndilo hilo, na limeniuma mfukoni.

Niliagiza raba za masta zote mbili kutoka Uingereza kupitia jamaa anayesafiri. Nikampa kijana wa jirani afungue masta na kusafisha, mimi nikaenda kusimamia mtihani. Nimerudi nakuta kila kitu kinang'aa, raba mpya ziko ndani, kijana anatabasamu. Ameosha kwa petroli. Baada ya siku mbili raba zimevimba kama maandazi, pistoni imekwama. Pesa imekwenda, kusubiri tena wiki tano.

Raba hizi hazipatani na kitu chochote cha jamii ya mafuta: petroli, mafuta ya taa, dizeli, oili ya injini, grisi ya kawaida. Osha kwa spiriti au kwa breki fluidi yenyewe, basi. Paka grisi nyekundu ya raba, ukiikosa chovya kwenye fluidi safi ufunge ikiwa mbichi. Fluidi ni ya daraja la DOT 3 au DOT 4, imeandikwa kwenye chupa. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na hizo, usiongezee juu yake. Na chupa iliyofunguliwa usiitunze mwaka mzima kwenye dirisha la jikoni. DOT 4 mpya inachemka kwenye nyuzi 230, ikinywa maji inashuka mpaka 155 au chini zaidi. Kwa klachi mchemko si tatizo kubwa, tatizo ni hayo maji kukaa chini ya silinda na kula chuma. Sisi tunakaa kando ya ziwa, hewa yenyewe ina maji.

Wakati wa kufungua, picha kichwani: ndani ya masta ya juu kuna springi, raba kuu, kisahani chembamba cha chuma, pistoni yenye raba yake ya nyuma, halafu saklipu (pete ya springi) inayoshikilia yote. Kile kisahani ni chembamba kama kucha na kinapenda kubaki kwenye kitambaa. Kikikosekana, presha inaisukuma raba kwenye matundu ya pistoni na kuikata. Raba mdomo wake unatazama upande wa fluidi, siku zote. Na pale juu kuna tundu dogo mno linalorudisha fluidi kwenye kopo pedali ikiwa juu. Langu lilikuwa limeziba na tope jeusi. Nilitumia uzi mmoja wa waya wa shaba, si pini ya chuma, usije ukaacha kingo kali zinazokwangua raba.

FundiBusia

Likiziba inakuwaje?

Mwalimu_Jinja

Fluidi inashindwa kurudi. Injini ikipata joto fluidi inatanuka, haina pa kwenda, inaanza kukanyaga klachi yenyewe. Klachi inateleza, injini inalia, gari haliendi, na hapo pia utaambiwa pleti imekwisha. Ndiyo maana fimbo ya pedali lazima iwe na uhuru kidogo kabla ya kugusa pistoni.

Mgeni_Katwe

Kaka zangu kwa nini kuteseka? Nenda soko la vipuri la Kisekka, chukua masta ya Toyota, toboa matundu mawili, funga, maisha yaendelee. Mimi nimefanya kwa gari ya mzungu mmoja Muyenga, ikatembea.

Mwalimu_Jinja

Ndugu, silikatai wazo kwa uvivu, hesabu ndiyo inalikataa. Masta nyingi za klachi za magari madogo ya Kijapani ni inchi 5/8. Eneo lake ni kama asilimia 69 ya ile ya robo tatu. Pedali itakuwa laini kama siagi, utafurahi, lakini zile milimita 12 zangu zinakuwa 8 na kitu. Gia itasaga. Ukipata yenye robo tatu kamili na safari ya pistoni inayotosha, sawa, sina ugomvi. Ila pima kwanza.

Mgeni_Katwe

Ya mzungu ilikuwa inasaga rivasi kweli. Nilimwambia ni tabia ya gari za Uingereza 😂

Afande_Mstaafu

Wewe ungekuwa kwangu ungelala mahabusu.

Mwalimu_Jinja

😂 Tusimcheke sana, ana nusu ya haki. Kwenye MGB za kabla ya mwisho wa 1967 gia ya kwanza haina sinkroni (kile kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana), ukiingiza gari likiwa bado linatembea itasaga hata klachi ikiwa mpya. Kwa hiyo usipime klachi kwa gia ya kwanza. Pima kwa rivasi, gari limesimama, injini inanguruma polepole: kanyaga, hesabu mpaka tatu, ingiza. Ikiingia kimya, klachi inaachia.

Sasa masta ya chini. Ukuta wa silinda ulikuwa na vishimo upande wa chini, maji yalipolala miaka 11. Kanuni niliyopewa na mzee mmoja: pitisha ukucha. Ukipita bila kushikwa, sugua kwa jiwe laini na uendelee. Ukishikwa, kusugua hakutasaidia, utapanua silinda tu na raba itapwaya. Wangu ulishikwa kila mahali.

Masta mpya zipo zinauzwa Uingereza, lakini nilishaungua na kusubiri. Nikaenda Katwe kwa fundi wa mashine ya kukereza. Akaipanua silinda, akaingiza bomba la brasi, akalikereza mpaka milimita 31.75. Kazi safi, ila nusura afunike tundu la kuingilia fluidi na lile la kutolea upepo kule mwisho. Nilikuwa nimesimama pale pale nikamwonyesha. Mkienda kufanya hivi, msiache kifaa na namba ya simu mkaondoka. Kaeni kwenye benchi, nunueni soda.

Halafu hozi. Kwa nje nzuri kabisa. Nilipoivua nikapuliza kwa mdomo, hewa inapita kwa kulazimisha. Mpira wa ndani huvimba na kubana njia, na mara nyingine unakuwa kama mlango wa upande mmoja: presha inakwenda, kurudi inakataa. Hozi usiifikirie mara mbili, badilisha.

Spana pia niseme. Hili gari ni la inchi. Nati ya 7/16 ni milimita 11.1, spana ya 11 haiingii na ya 12 inaila kona. Ya nusu inchi ni 12.7, ya 13 inashika kwa kusitasita, kwenye nati za bomba usithubutu. Nilipata seti kuukuu ya inchi kwa mstaafu wa reli hapa Jinja, nikamlipa kwa samaki.

BintiArua

Na baada ya yote hayo ikaachia?

Mwalimu_Jinja

Dada, haikuachia. Hapo ndipo nilipokaa kwenye tairi nikaangalia ukuta.

Nilipima: milimita 8. Fimbo hairudi tena, kwa hiyo raba zimeshika. Lakini 8 si 12. Rivasi inasaga. Mke akauliza kama yule fundi wa kwanza bado anapatikana.

FundiBusia

Pini ya chini hiyo. Fimbo ya masta ya chini na foki (mkono unaosukuma beringi ya klachi) zinaunganishwa kwa pini, ikilika hata milimita mbili unazipoteza zote mbili, wakati ya juu unagawanya kwa 2.78 zako. Hesabu yako mwenyewe.

Mwalimu_Jinja

Fundi, nilifikiri hivyo hivyo, nikaibadilisha. Haikuongeza kitu, na nikachukua muda kuelewa kwa nini. Masta ya chini ya MGB ina springi ndani ambayo muda wote inasukuma pistoni mbele. Haina kirekebisho, inajirekebisha yenyewe. Kwa hiyo nafasi yoyote kule chini, pini, foki, hata kulika kwa pleti, springi imeshaijaza kabla hujakanyaga. Unachopoteza pale ni kelele tu.

Juu ni kinyume chake. Pedali inavutwa nyuma na springi yake, fimbo inabaki mbele, na ulegevu wote wa pini unasafirishwa na mguu wako bure. Nilipovua pini ya pedali nilicheka peke yangu. Ilipaswa kuwa karibu milimita 8 unene, ilikuwa imelika upande mmoja ikabaki 6. Tundu la pedali limekuwa yai. Jumla ya ulegevu milimita 4 na nusu. Gawanya kwa 2.78: milimita 1.6 zinaibwa hapo.

FundiBusia

Sawa Mwalimu, nimekubali. Hiyo ya springi sikuijua. Lakini 8 na 1.6 bado haifiki 12.

Mwalimu_Jinja

Bado upepo. Nilikuwa nimetoa upepo kwa njia yetu ya kila siku, mmoja anakanyaga mwingine anafungua nipeli, ile skrubu ya kutolea upepo. Chupa mbili za fluidi zikaisha, mapovu yakaisha, nikaamini. Kumbe bomba linapotoka masta ya juu lina sehemu iliyonyanyuka, na povu linakaa pale. Kwa kukanyaga tu kiasi kinachokwenda ni kidogo, povu linashuka sentimita chache likirudi zake juu. Sentimita moja ya ujazo ya upepo inaiba milimita 1.3 kule chini.

Nikaazima sirinji ya mililita 60 maabara ya shule (mkuu wa shule kama unasoma, niliirudisha). Nikaijaza fluidi safi, nikaunganisha kwa mpira mwembamba kwenye nipeli ya masta ya chini, nikafungua nipeli, nikasukuma kwenda JUU. Mwanangu yuko kwenye kopo na kitambaa. Kwanza kimya, halafu likatoka povu moja kubwa, "blup", kama kiboko anayepumua, yakafuata madogo madogo. Mara ya tatu ikaja fluidi tupu. Punguza fluidi kwenye kopo kabla ya kuanza, la sivyo itamwagika kwenye rangi. Mimi nina doa la kumbukumbu.

Nikapima: 10 na nusu. Nikachomelea tundu la pedali, nikalitoboa upya, nikakereza pini kwa kutumia shingo ya boliti ngumu, ile sehemu isiyo na meno. Nikapima tena: 12.

Rivasi iliingia kimya. Niliitoa nikaiingiza tena mara nne, kama mtoto na swichi ya taa.

KobaTororo

Nimesimama napiga makofi hapa. Jumla ya gharama?

Mwalimu_Jinja

Ukiondoa raba zilizovimba, nilitumia kidogo kuliko nilivyotajiwa kwa kunyanyua injini peke yake. Ukiziongeza, tunakaribiana. Nami gari jingine la hivi siwezi kuagiza, sheria ya Uganda ya 2018 imefunga mlango kwa gari la miaka 15 au zaidi. Hili ndilo nililonalo.

BintiArua

Sasa foleni ya Kampala utaiwezaje? Nasikia beringi ya klachi ya hayo magari ni ya makaa.

Mwalimu_Jinja

Ni kweli, siyo ya gololi, ni pete ya kaboni inayosugua pete ya chuma kwenye presha pleti. Kwa kujirekebisha kule nilikosema inagusa kidogo muda wote, hilo haliidhuru. Kinachoiua ni kusimama kwenye foleni umekanyaga. Mimi nikisimama natoa gia, naachia klachi kabisa, navuta handibreki. Wa nyuma wapige honi wanavyotaka.

Afande_Mstaafu

Mwalimu, ile pini. Ulikereza kipenyo gani hasa, na ulitoboa tundu la kota pini upande mmoja au pande zote? Nina Land Rover hapa Bombo, pedali inacheza kama meno ya mzee.

Mwalimu_Jinja

Milimita 7.9 kwa venia (kile kipimo cha kubana), Afande, na tundu moja la kota pini upande usio na kichwa. Lakini usinakili kipimo changu, vua ya kwako upime sehemu ile isiyolika, karibu na kichwa. Ukiwa Jinja Jumapili pita, tutaichonga pamoja. Sirinji nitaiazima tena.